Schio: mji wa viwanda vya sufu na dada aliyesahau jina lake

Ndugu na dada zetu, wiki hii tunaenda Italia. Msitafute ile miji mnayoijua kwa ajili ya mpira, Milan au Turin au Napoli. Tafuteni Venice kwenye ramani, mpande kaskazini magharibi mpaka Vicenza, halafu mpande tena kama kilomita 30 kuelekea milimani. Hapo pameandikwa Schio. Wenyewe wanatamka "Skio". Ni mji wa watu karibu elfu 39, umekaa pale bonde la mto Leogra linapotoka milimani na kuingia tambarare. Wageni wanaufuata kwa sababu mbili ambazo ukiziweka pamoja zinashangaza kidogo: kutazama viwanda vya zamani vya sufu, na kuzuru kaburi la mwanamke wa Darfur.

Mwanamke huyo ni Bakhita. Jina wengi wetu tunalijua. Kuna shule na parokia zimepewa jina hilo huku Afrika Mashariki, na ndugu zetu wa Sudan Kusini wanaijua Redio Bakhita ya Juba. Lakini tulipoulizana kwenye kikundi aliishi wapi, wengi walisema Khartoum. Jamani, Khartoum alipita tu, tena akiwa mali ya mtu. Mahali alipoishi kuliko pote duniani ni huu mji wa viwanda. Alifika mwaka 1902 na akafia hapo mwaka 1947. Hadithi yake huwa inasimuliwa kwa picha mbili tu: alikuwa mtumwa, akawa mtakatifu. Katikati wanaruka. Sisi tunataka kukaa hapo katikati.

Tuseme mapema pia kwamba hatuandiki kuhubiri. Kwenye kikundi tuna Wakatoliki, tuna Waislamu, tuna walokole, na wapo wasiosali popote. Hii ni historia, na ni historia ya mtu aliyechukuliwa kwao kwa nguvu akazeekea ugenini. Hilo halina dhehebu.

Na macho yetu kule ni dada mmoja wa kikundi chetu aliyepata nafasi ya kusoma Italia kupitia ule mpango wa vyuo vikuu kwa wakimbizi ulioanza mwaka 2019. Siku moja ya mapumziko alipanda treni Vicenza akaenda, na akawa anatutumia picha na ujumbe wa sauti njia nzima. Tulisikiliza tukiwa tumezunguka simu moja, maana bando lilikuwa la mtu mmoja.

Tuanze na hiyo treni. Reli ya Vicenza mpaka Schio ilifunguliwa mwaka 1876, na aliyeisukuma sana ni tajiri wa sufu, Alessandro Rossi. Huyu mzee huwezi kumkwepa Schio. Kufuma sufu kulikuwepo pale zamani sana, kwa sababu kondoo walikuwa milimani na maji ya kuendesha mashine yalikuwa yanashuka yenyewe. Mwaka 1701 serikali ya Venice iliuruhusu mji kutengeneza vitambaa vya hali ya juu. Mwaka 1718 bwana mmoja wa Venice, Nicolò Tron, aliyewahi kuwa balozi Uingereza, alileta mafundi Waingereza waje kuwafundisha watu wa Schio ufundi wao. Halafu mwaka 1817 Francesco Rossi akafungua kiwanda chake, na mwanawe Alessandro akakifanya kuwa kikubwa kuliko vyote vya sufu nchini Italia. Watu wakaanza kuuita mji huo Manchester ya Italia. (Sisi tukisikia Manchester tunawaza kitu kingine, lakini Manchester kabla ya mpira ilikuwa viwanda vya nguo.)

Jengo ambalo dada yetu alilipiga picha nyingi zaidi ni Fabbrica Alta, yaani Kiwanda Kirefu. Lilijengwa miaka ya 1861 na 1862, likachorwa na Mbelgiji, Auguste Vivroux. Ni la matofali na mawe, urefu wake kama mita 80, ghorofa juu ya ghorofa, lina madirisha zaidi ya 300, na ndani limeshikiliwa na safu za nguzo nyembamba za chuma. Madirisha yale hayakuwa urembo. Taa za umeme hazikuwepo, na mfumaji lazima auone uzi. Sasa hivi mashine zimenyamaza. Ukisimama chini ukaangalia juu, alisema dada, unajiona mdogo sana, na labda ndivyo aliyelijenga alivyotaka.

Rossi hakujenga kiwanda tu. Kuanzia mwaka 1872 alijenga mtaa mzima wa wafanyakazi, kazi ya mchoraji Antonio Caregaro Negrin, wenye nyumba za madaraja tofauti: za wakubwa wa kiwanda, za mafundi, za vibarua. Akajenga shule ya watoto wadogo, akatengeneza bustani, na mwaka 1879 akasimamisha katikati ya mji sanamu ya mfumaji, kazi ya Giulio Monteverde. Watu wanaiita L'Omo, kwa lahaja yao maana yake Mtu. Si mfalme, si jenerali aliyekaa juu ya farasi. Ni kibarua. Dada yetu aliipenda, na sisi pia tunaipenda.

Lakini sisi watoto wa kambini tunajua nyumba za mistari. Tunajua kinachokuja na nyumba uliyopewa na mtu yuleyule anayekupa kazi, shule na zahanati. Mkigombana, unagombana na vyote kwa mpigo. Schio iliona hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 malipo yalishushwa, wafumaji wakagoma, na baadhi yao wakaishia kufunga mizigo na familia zao wakaenda Brazil. Kule kusini, karibu na mji wa Caxias do Sul, mahali panapoitwa leo Galópolis, walianzisha kiwanda cha sufu cha ushirika kwa mikono yao wenyewe. Kwa hiyo kabla Mwafrika hajaingia Schio kutafuta pa kuishi, watu wa Schio walikuwa wameshatoka kutafuta pao. Tungependa jambo hilo lisemwe zaidi siku hizi, wakati Italia inapobishana kuhusu wageni.

Sasa Bakhita.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Darfur, kijiji kinachotajwa kwa jina la Olgossa. Familia yake haikuwa maskini. Dada yake mkubwa alitekwa kwanza. Yeye mwenyewe alitekwa baadaye, akiwa na miaka kama saba au minane, na wanaume wawili waliomkuta nje ya kijiji. Sisi tunaoishi upande huu wa Ziwa Tanganyika tumefundishwa juu ya njia ya misafara ya Ujiji mpaka Bagamoyo, na kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Tukadhani mambo yakaishia hapo. Bakhita alichukuliwa miaka michache baada ya hapo, kwenye njia nyingine, ya kaskazini, inayoelekea Nile. Soko moja likifungwa halifungi mengine.

Jina Bakhita si lake. Waliomteka ndio waliompa. Kwa Kiarabu ni mwenye bahati, na ukilisikiliza vizuri unasikia neno letu la bahati limo ndani. Hebu fikirieni hilo: wanamchomoa mtoto kwa mama yake, halafu wanamwita Mwenye Bahati. Tuna kina Bahati wengi huku, lakini wa kwetu waliitwa hivyo na wazazi. Jina alilopewa na wazazi wake, Bakhita alilisahau. Hofu ililifuta. Maisha yake yote lilikuwa halijarudi.

Alitembezwa kwa miguu mpaka El Obeid, akauzwa, akauzwa tena. Aliwahi kutoroka na msichana mwenzake, wakakamatwa na mtu aliyejifanya anawasaidia. Mbaya kuliko wote ilikuwa nyumba ya afisa mmoja wa jeshi la Kituruki. Mke wa afisa huyo aliamua watumwa wake wachorwe mwilini. Mwanamke aliyeijua kazi hiyo alichora michoro kwa unga kwenye ngozi, akafuatisha kwa wembe, halafu akajaza chumvi kwenye majeraha ili makovu yasipotee. Bakhita alitoka na makovu zaidi ya mia moja. Hatutaongeza maneno hapo.

Mwaka 1883 huko Khartoum alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa konseli wa Italia. Kwake hakupigwa, na alipewa nguo za kuvaa. Wakati jeshi la Mahdi linaukaribia mji, Legnani aliamua kurudi kwao, na Bakhita akaomba aende naye. Wakapitia bandari ya Suakin kwenye Bahari ya Shamu, na mwaka 1885 wakashuka Genova. Pale Legnani akamgawa kwa rafiki yake, Augusto Michieli. Akamgawa, kama mzigo wa zawadi. Watu wengine wanaposimulia wanasema "alimwokoa". Ni kweli alimtoa Sudan. Lakini kumtoa mtu mahali na kumwachia huru ni vitu viwili, na kati ya hivyo viwili ndipo wengi wetu tunaishi.

Kwa familia ya Michieli, karibu na mji wa Mirano, akawa yaya wa mtoto wao wa kike. Baadaye wenye nyumba wakanunua hoteli Suakin, na mama mwenye nyumba akaenda huko kwanza. Mwaka 1888 Bakhita na mtoto wakaachwa Venice, kwenye nyumba ya masista wa Kanosa ya kufundishia watu wanaojiandaa kubatizwa. Mwaka uliofuata mama akarudi kuwachukua wote wawili.

Bakhita akasema hapana.

Tuliusikiliza ujumbe huo wa dada yetu mara mbili. Msichana wa miaka kama 20, hana ndugu bara zima, lugha yenyewe ameidaka jikoni, mwenye nyumba analia na kufoka, mtoto aliyemlea anamng'ang'ania, na yeye anasema siondoki. Mambo yakapanda mpaka kwa kardinali wa Venice na kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 uamuzi ukatoka: sheria ya Italia haiutambui utumwa, kwa hiyo huyu ni mtu huru na ataamua mwenyewe anakaa wapi.

Tafadhali msome hapo kwa utulivu, hasa ninyi mnaofanya kazi kwenye maofisi. Sisi tunajua mahojiano. Unaulizwa kijiji, siku, saa, nani alikimbia kwanza na nani alibaki. Mwaka unaofuata unaulizwa upya na mtu mwingine, na ukichanganya tarehe sura ya muulizaji inabadilika. Bakhita hakujua tarehe aliyozaliwa. Hakujua jina lake. Kwa maswali ya aina hiyo angeshindwa asubuhi ileile. Kesi yake haikusimama juu ya hayo. Ilisimama juu ya swali moja tu, kama katika nchi ile mtu anaweza kuwa mali ya mtu. Jibu lilikuwa hapana, na ilitosha. Ila sheria ile ilikuwepo tangu siku aliposhuka melini Genova. Ilikaa kimya miaka minne, ikasubiri mpaka yeye mwenyewe afungue mdomo.

Akabatizwa tarehe 9 Januari 1890 kwa jina la Yosefina, pamoja na majina mengine, likiwemo la Kiitaliano lenye maana ileile ya mwenye bahati. Akaingia utawa, akaweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896, na mwaka 1902 wakubwa wake wakamtuma Schio.

Ndiyo hivyo alivyofika kwenye mji wa Rossi. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki, mwaka 1898, lakini mashine zilikuwa zinanguruma. Na pale Bakhita hakufanya miujiza. Alipika. Alishona na kutarizi. Alitunza vifaa vya kanisani. Baadaye akawa mlinda mlango wa nyumba ya masista, na kazi hiyo ndiyo watu waliyomkumbuka nayo. Masista walikuwa na shule. Kwenye mji ambao kinamama nao wako kiwandani, mtoto akifika shuleni asubuhi anayemfungulia mlango ni mtu mkubwa kwake. Mwanzoni watoto walimshangaa, wengine wakataka kushika ngozi waone kama rangi inatoka. Baadaye wakamzoea. Kwa lahaja ya pale wakamwita Mama Mweusi, kwa namna ya kudekeza. Nusu yetu tuliposikia jina hilo tulikunja uso, nusu tukacheka. Linaweza kuwa na upendo na bado likakukumbusha kila siku kwamba si wa hapa.

Lugha aliyoongea haikuwa Kiitaliano cha vitabuni, ilikuwa lahaja ya Veneto, ya wafumaji na wauza mboga. Katika lahaja hiyo bwana mwenye mali anaitwa "paron", na Bakhita alimwita Mungu kwa neno hilohilo. Kwa miaka yote neno "bwana" lilikuwa ni mtu mwenye fimbo. Akalichukua akampa mwingine. Kila tunaporudia jambo hili tunaliona jipya.

Vita ya kwanza ya dunia ilikuja mpaka mlangoni. Mlima Pasubio unaoonekana kutoka Schio ulikuwa uwanja wa mapigano kati ya Italia na Austria. Mwaka 1916 Waaustria waliposhambulia, maelfu ya wakulima wa milima ya Asiago, jirani kabisa, waliacha nyumba zao na ng'ombe zao wakashuka tambarare wakiwa wakimbizi. Sehemu ya nyumba ya masista ikafanywa hospitali ya wanajeshi, na Bakhita akabaki akihudumia. Mwaka 1918 kijana mmoja Mmarekani wa miaka 18 alikuwa akiendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu kutoka hapo Schio, amelala kwenye kiwanda cha sufu na wenzake. Jina lake Ernest Hemingway, yule aliyekuja kuwa mwandishi. Huyo hatumjadili leo.

Tunachotaka kujadili ni kile kilichompata Bakhita alipokuwa maarufu.

Mara ya kwanza aliisimulia habari yake mwaka 1910, kwa sista mwenzake aliyeiandika, na alifanya hivyo kwa sababu mkubwa wake alimwagiza. Mwaka 1930 akasimulia tena kwa mwalimu mmoja, Ida Zanolini, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu. Kikasomwa sana. Watu wakaanza kumiminika Schio kumwona. Halafu kwa miaka kadhaa akazungushwa Italia, mji baada ya mji, kuchangisha kwa ajili ya kazi za umisionari. Msimuliaji hakuwa yeye. Alikuwa sista mwingine aliyewahi kufanya kazi China, yeye ndiye aliyeongea. Bakhita alisimama, akasema maneno machache, na watu wakamtazama. Ilimchosha sana, na aliwahi kulalamika kwamba watu wanamtazama kama mnyama wa maonyesho, ingawa alienda kila alipotumwa.

Na mwaka 1936, Italia ilipokuwa imeshaivamia Ethiopia, alifika Roma pamoja na masista waliokuwa wanaelekea Addis Ababa, na wakapokelewa na Mussolini. Mwafrika aliyeibwa akiwa mtoto, anasimama mbele ya mtu ambaye jeshi lake lilikuwa limemwaga gesi ya sumu juu ya Waafrika. Sijui kama kuna aliyemuuliza anajisikiaje, tulisema wote, halafu tukanyamaza. Hatumlaumu yeye. Mtawa aliyeweka nadhiri ya utii anakwenda anapopelekwa. Lakini waliompeleka walijua uso wake unafaa kwa nini.

Hapa ndugu zetu wa mashirika wasikasirike. Tunajua bila picha hakuna mfadhili, na bila mfadhili hakuna dawa wala daftari. Wengi mnatupigania kweli. Ila wageni wanapokuja na kamera, na binti anaombwa asimulie tena ile siku ya msituni, na mara hii asimulie polepole kwa sababu mkalimani amepitwa, mjue kwamba jambo hilo lina historia ndefu na hata mtakatifu lilimchosha. Sisi vijana nasi tujue kwamba kuna vitu Bakhita hakuvisema. Alisimulia alivyoagizwa kusimulia. Mengine akabaki nayo.

Kuna maneno yake yanayorudiwa mno makanisani, kwamba angekutana na wale waliomteka, na hata wale waliomtesa, angepiga magoti awabusu mikono, kwa kuwa bila hao asingekuwa Mkristo na mtawa. Kwenye kikundi tulibishana saa nzima juu ya hili. Dada mmoja kutoka Kivu alisema hawezi, na asiombwe. Kaka mmoja kutoka Burundi alisema yeye alishasamehe, na analala vizuri. Mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza tu akasema kila mtu ana mzani wake. Tulipofikia ni kwamba Bakhita alikuwa na haki ya kusema hivyo juu ya mikono iliyomtesa yeye. Ilikuwa yake kusamehe. Lakini kuchukua maneno yake na kuyatumia semina ya siku mbili, ili mama aliyepoteza watoto asaini kwamba amesamehe, hapana.

Miaka ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Vita ya pili ilipoleta ndege za mabomu, watu wa Schio walisema Mama Mweusi anawalinda, na wapo wanaoamini hivyo mpaka leo. Mabomu hata hivyo yalidondoka. Na vita ilipokuwa imeshaisha, usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Julai 1945, watu wenye silaha waliingia kwenye jela ya mji na kuwapiga risasi wafungwa, wakafa 54. Tunalitaja kwa sababu mji wa hija si mji wa malaika. Sisi tunaotoka mahali ambapo amani ilitangazwa redioni na watu wakaendelea kufa, tunaelewa bila kuelezwa.

Bakhita alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika homa ya mwisho alirudi utumwani, na alimwomba aliyekuwa akimuuguza amlegezee minyororo, kwamba ni mizito. Miaka 57 ilikuwa imepita tangu Venice. Daktari yeyote wa akili hapa kambini angewaambia hilo ni jambo la kawaida.

Mwili ulipowekwa watu wauone, Schio nzima ilipanga foleni: wafumaji, kinamama, na wale waliofunguliwa mlango naye walipokuwa watoto, sasa wamewabeba wa kwao wamguse. Alizikwa kwanza kwenye kaburi la familia moja ya mjini, halafu mwaka 1969 akahamishiwa kanisa la Familia Takatifu, palepale kwa masista wa Kanosa. Alitangazwa mwenyeheri tarehe 17 Mei 1992, na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki linaifanya tarehe 8 Februari siku ya kuombea walionaswa kwenye biashara ya binadamu. Kwenye mji ule kila mwaka siku hiyo wageni wanajaa, na wengi wao ni Waafrika wanaofanya kazi kaskazini mwa Italia.

Dada yetu alikwenda siku ya kawaida. Aliingia kanisani, akasema mwili uko ndani ya kioo, chini ya altare, na kulikuwa na bibi mmoja Mwitaliano anasali rozari. Bibi alimwangalia, akasogea kwenye benchi ampishe nafasi. Hawakuongea. Alikaa pale mpaka muda wa treni, akapita tena chini ya kile kiwanda cha madirisha 300 kuelekea stesheni, na hapo bando letu likaisha.